Kilo Zangu Mpakani

Spiriti ya hospitali ina harufu baridi, na kila nikiinusa narudi Busia, mwaka ule nilipokuwa na miaka saba na mama akinivusha mpaka kila mwezi kwenda kuchomwa sindano upande wa Kenya. Nilikuwa nimeanza kuota matiti wakati wenzangu bado wanang'oka meno ya utoto. Daktari alisema mwili wangu umekimbilia utu uzima, na sindano ile ya homoni ingeusimamisha usubiri umri wake. Mama alishukuru, kisha akalifanya jambo zima siri. Kwetu Masinya, ng'ambo ya pili ya mpaka, msichana akidhaniwa amevunja ungo hakosi wa kumkodolea macho. Bibi alimkumbusha kwamba mficha uchi hazai. Mama akajibu kuwa yeye ameshazaa, sasa analinda.

Matiti yalitulia, lakini nikaanza kunenepa. Daktari alituambia watoto wengine huongezeka uzito wakiwa kwenye dawa hiyo na wengine hawaongezeki, kwa hiyo tupunguze soda na mandazi, na nipande mizani kila tukienda. Mandazi! Niliyalilia kuliko sindano. Gauni la kanisani lilikataa kufunga, na majirani wakampongeza mama kwamba mtoto ananawiri. Njiani mama alitangulia hatua kadhaa, mimi nikimfuata nyuma, ili watu wasituulize safari. Niliona kama ananionea haya, na iliniuma.

Asubuhi moja, askari wa kike upande wa Kenya alitusimamisha getini. Siku hizo wanawake wengi walivusha vitenge kwa magendo, wamejizungushia chini ya nguo, na yeye alikuwa na jicho la kuwanasa.

"Mama, huyu mtoto juzi tu alikuwa kama fito. Umemfunga vitenge ngapi?"

"Hakuna kitu, afande. Iko mwili yake tu."

"Mwili gani huo? Mlete ndani nimkague."

Nyuma yetu walipanga foleni wauza samaki wa kwetu, masikio wazi. Mama aligeuka kuwatazama. Akisema ukweli, siri imekwisha. Akinyamaza, nitavuliwa nguo. Nikashindwa kuvumilia.

"Si vitenge! Ni mimi!" nilisema kwa sauti. "Nachomwa sindano nisikue haraka, ndiyo imeninenepesha."

Askari aliniminya mkono kidogo, akauachia.

"Pole, mtoto wangu. Piteni."

Umbeya ulifika Masinya kabla yetu, na ulichosha watu baada ya wiki chache. Lakini pale getini mama hakutangulia tena. Alinishika mkono, tukapita katikati ya barabara.

Sindano zilipokoma, nilivunja ungo pamoja na wenzangu. Kilo nyingine ziliondoka, nyingine zikabaki, na sigombani nazo. Siku hizi mimi ndiye ninayemvusha mama kwenda kliniki ya presha, naye amekonda, hatua zake fupi. Tukikaribia geti bado ananishika mkono, kana kwamba kuna mtu atakayeniuliza nimebeba nini. Namwachia anishike.