Ugali au Makande

Nilifikisha miaka ishirini na tisa kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba sipendi makande, na siku niliposema, nilisema kwa Kijapani.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mjini Katesh, nauza sokoni vitunguu saumu vya shamba letu la kijijini kwetu, Tlawi. Kijana mmoja Mjapani, mwalimu wa hesabu wa kujitolea, alikuwa akitufundisha lugha yao Jumamosi mchana. Tulikuwa watu sita tukiwania nafasi moja ya mafunzo ya kilimo huko kwao, mwaka mzima. Usaili ungefanyika kwa simu ya video, kwa Kijapani, na niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Somo la kupenda lilikuwa jepesi kuliko yote. Unataja kitu, unasema "suki desu", basi, umesema unakipenda. Ukiulizwa kati ya viwili, unachagua kimoja. Wenzangu walichagua chai wakaacha kahawa, wakachagua mbuzi wakaacha kuku. Mimi kila nikiulizwa nilijibu "dochira mo suki desu", vyote viwili navipenda, na nilijiona hodari. Mwalimu akarudia: maziwa au maji, jua au mvua, ugali au makande. Vyote.

"Dada," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "wewe hujui unachopenda?"

Nilikasirika. Sisi tumelelewa hivi: chakula kikiwekwa mbele yako, unakula na kushukuru. Mtoto anayesema hiki sitaki amemkosea aliyepika, na mgeni anayechagua atasimuliwa hadi kijiji cha Tumati. Ukiulizwa utakunywa nini, jibu ni "chochote". Nilimweleza haya yote kwa ukali kidogo. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwenye usaili wataniuliza hivyohivyo, na "chochote" haitanifikisha popote. Haya, ugali au makande?

"Makande wa, amari suki ja nai desu," nikasema. Makande siyapendi sana. Nilitazama mlangoni kana kwamba mama yangu amesimama pale.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kumuuliza mtu wa familia maswali yaleyale. Wiki hiyo nilikwenda Tlawi kuchukua mzigo, nikamkuta mama jikoni na ungo, akichambua mahindi na maharage. Ya makande, bila shaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, kati ya ugali na makande, unapenda nini zaidi?"

"Chochote."

"Hili ni la darasani, mama. Lazima uchague."

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Ugali," akasema. "Makande yananijaza gesi tumboni tangu nikiwa msichana. Nayapika kwa sababu wewe unayapenda."

Nikamwambia mimi nayala kwa sababu yeye anayapenda. Halafu mama akacheka hadi ungo ukamponyoka, na kuku wakayawahi mahindi. Mpenzi wa kweli wa makande alikuwa baba, na baba alifariki nikiwa darasa la nne. Miaka yote hiyo tumekula kwa heshima, kila mmoja akimsitiri mwenzake. Siku ile tulisonga ugali, na nilifurahi kupita kiasi.

Siku ya usaili, mama mmoja wa Kijapani aliniuliza kuhusu mboga, hali ya hewa na kazi za shamba, na kila mara nikachagua. Mwisho akauliza: Japani na nyumbani, unapenda wapi zaidi? Jibu la adabu nililijua.

"Tlawi no hou ga suki desu," nikasema. Tlawi napapenda zaidi. Kwa Kijapani cha kuokoteza nikaongeza kwamba ndiyo maana nataka kujifunza, ili nirudi kupalima vizuri. Yule mama akacheka, akaandika kitu. Baada ya wiki mbili nikaambiwa nafasi ni yangu.

Nilikwenda Tlawi kumpa mama habari, kwa furaha hata kukaa siwezi. Alikuwa ameshasonga ugali. Nikamuuliza kama angependa niende, na nilitegemea aseme vyovyote tu.

"Kati ya uende na ubaki," akasema, "mimi napenda ubaki." Akanimegea ugali, akanisogezea na mboga. "Umeniuliza, nimechagua. Sasa kula, halafu uende."