Kisiki cha Kayaba Ndani ya Beseni

Walisema sitafika Bara Hindi, nikafika. Walisema sitamaliza chuo, nikarudi na diploma ya kilimo cha bustani yenye muhuri mwekundu, na mpaka leo imetundikwa ukutani kwangu ndani ya kioo. Ila hedimani wa kijiji chetu aliishika juu chini, akaitazama kidogo, akasema, "Karatasi hii haina alama ya kidole. Hutatoka hapa nayo." Kwa muda wa karibu miaka miwili alisema kweli.

Nilikuwa nimerudi wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau. Watu wetu wa upande wa Ruiru walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa katika kijiji kimoja, chenye handaki lililokizunguka, miti iliyochongwa ncha ndani ya handaki, na lango moja tu. Bila pasi yenye jina la mwajiri, Mkikuyu hakuenda Thika, sembuse Nairobi. Mimi niliruhusiwa kutoka asubuhi na vibarua kwenda kupalilia kahawa ya mzungu, na kurudi kabla jua halijatua. Kutoka mlango wangu hadi langoni zilikuwa hatua mia moja na kumi na mbili. Nilizihesabu mara nyingi, nikitumaini nimekosea.

Siku moja, kabla ya mvua ndefu, memsabu, mke wa yule mzungu, aliamuru ua wa kayaba ung'olewe apande mawaridi. Kayaba ni kichaka cha miiba mirefu ambacho watu hukipanda kuzuia ng'ombe na wezi. Nikaona kisiki kimoja kifupi, kinene kama kifundo cha mguu, gome lake limepasukapasuka kama la mti wa miaka mia. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa na miti ya namna hiyo, ile Wajapani huiita bonsai, mizee kabisa lakini inakaa mezani. Nilikuwa nimemtunzia mwaka mzima. Nikatupa jembe, nikamwendea memsabu na kumweleza kwa Kiingereza safi.

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Wewe nafikiri mimi toto? Kayaba kaa juu ya meza?"

Nikamwambia anipe muhula, ataona.

"Sawa. Kama iko hai na iko zuri siku ya maonyesho ya maua Thika, mwaka kesho, mimi naandika barua. Wewe nafanya kazi bustani ya dada yangu Thika, nalala huko huko. Kama nakufa, wewe narudi kwa jembe, hapana sumbua mimi tena."

Basi maisha yangu yakawa yamefungwa kwenye kisiki.

Sikuwa na kitu, kwa hiyo nikaazima. Fundi seremala aliniazima msumeno, na nikauvunja meno mawili kwenye mzizi mkuu. Mrekebishaji wa baiskeli alinipa waya wa breki wa kukunjia matawi. Beseni lilitoka kwa jirani yangu, mama mjane niliyemwita tata, yaani shangazi, ingawa hatukuwa ndugu. Nililitoboa matundu chini kwa msumari mbele ya macho yake. Langoni askari wa kijiji alikichoma kisiki kwa mkuki pande zote, akitafuta risasi.

Nikapanda kama nilivyofundishwa: udongo mzuri na samadi ya ng'ombe, nikashindilia kwa ngumi pasibaki hewa kwenye mizizi. Wiki tatu baadaye maji yalikuwa yanasimama juu kama kwenye kikombe, na vichipukizi vya kwanza vimekuwa vyeusi. Nikaongeza maji. Tata akaja, akainama, akagonga udongo kwa kidole. Ukalia ko, ko, ko.

"Kai! Bwana Diploma, umekandika nyumba!"

Wanawake waliokuwa wakipita na madebe ya maji wakasimama.

"Njooni muone," akawaambia. "Udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, akapigapiga kwa ngumi. Si ndivyo tulivyoziba kuta zetu wote? Mvua yenyewe haipiti hapo. Huu mti utakunywa wapi?"

"Tata, kule chuoni tulichanganya hivi hivi."

"Kule chuoni mlikuwa mnajenga?"

Walicheka mpaka mmoja akatua debe lake chini. Niliona aibu, lakini sijawahi kuwa mtu wa kukataa kufundishwa, na ndiyo maana nimefika nilipofika. Udongo wa chuoni ulikuwa wa kichanga. Wa kwetu hushika kama saruji. Tuliuvunja kwa msumari, tukakuta mizizi ya upande mmoja imeoza, nikaikata. Tata akaniambia nichukue changarawe iliyotupwa ukingoni mwa handaki. Akaichekecha kwa ungo wake, nami nikachanganya na vipande vya makaa na maganda ya kahawa yaliyooza. Mwezi haukuisha, kisiki kikachipua.

Tangu hapo sikukiacha. Nilikata, nikakunja, nikangoja, nikakata tena. Filimbi ya jioni ilipopigwa na milango kufungwa, nilikiingiza ndani, na hapakuwa na kingine cha kutazama. Mimi niliyevuka bahari nilikuwa naongoza tawi la urefu wa kidole. Kuna wakati kijiji kizima kiliadhibiwa, lango likafungwa wiki mbili, debe moja la maji kwa nyumba kwa siku. Niliacha kunawa. Tata alileta maji aliyooshea viazi, akayamimina taratibu.

Siku ya maonyesho memsabu aliubeba mti kwenye gari lake. Mimi sikuwa na kibali, nikabaki kwenye kahawa nikipalilia mstari mmoja mara mbili. Aliporudi jioni alikuwa na utepe wa mshindi wa kwanza, na kadi ilikuwa na jina lake. Najua mikono iliyoufanya ule mti, na nasema bila haya kwamba katika upande wetu wote hapakuwa na mtu mwingine wa kuufanya. Barua aliiandika. Pasi ikatoka, nami nikahamia Thika, chumba cha mtunza bustani, chenye mlango niliofungua nilipotaka.

Baada ya miezi minne nikapata ruhusa ya siku moja. Nikafika kijijini na msumeno mpya, waya wa breki na beseni lenye maua ya bluu. Askari akasoma pasi yangu.

"Wewe ni wa Thika sasa. Ndani huingii."

"Nimeleta vitu vya watu."

"Waite."

Wakaitwa. Fundi akapitisha kidole gumba kwenye meno ya msumeno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mrekebishaji wa baiskeli akasema alikuwa ameshausahau ule waya. Tata alikuja wa mwisho, akaligeuza beseni, akachungulia chini yake.

"Halina tundu hata moja," akasema. "Umenenepa, mwanangu. Utakuja lini tena?"

"Nitaomba ruhusa, tata."

"Omba."

Askari akavuta lango. Nilikuwa nimemlipa kila aliyeniazima, wote watatu, nikiwa nimesimama upande wa nje.