Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Jirani yangu wa Kiembeni hawezi kuona kitu cha thamani kikakaa uchi. Redio yake ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina chake, hata jagi la maji. Basi miaka ile ya tisini, bintiye, ambaye ni mchoraji wa ramani za nyumba, alipoleta kompyuta ya kubeba mkononi, nayo ikavishwa: kitambaa kikaning'inizwa nyuma, kioo kikaachwa wazi.

Nilikuwapo siku mteja wake wa kwanza alipokuja kuona ramani. Binti akaisifu mashine yake. "Kioo ni cha rangi, kumbukumbu yake yabeba nyumba za mtaa mzima, na stima ikipotea betri yaendelea."

Hajamaliza, kioo kikazimika. Mteja akaokota kofia yake.

Binti akapapasa nyuma ya mashine, kisha akaushika mkono wa mamake. "Mama, gusa hapa. Yachoma. Ndani mna feni, na hapa ndipo inapopumulia."

"Kumbe nimeiziba pua, maskini," mama akasema. Akakivuta kile kitambaa, akaanza kuipepea nacho taratibu, kama apepeaye mzazi aliyetoka kujifungua. Tukangoja ipoe. Binti akaiwasha tena, na nyumba ya mteja ikatokea yote, na paa lake.

Mteja aliitazama sana, kisha akaiweka kofia chini.

"Binti, kazi ni yako. Ila niongezee dirisha jikoni. Mke wangu naye hupumua."

Mimi nilirudi nyumbani nikaivua redio yangu kitambaa. Mpaka leo iko kichwa wazi, na wageni wameshazoea.