Nililazwa Korogwe kwa utapiamlo nikiwa mwanaume mzima, chanzo aibu ya mama mkwe

Wakuu habari zenu. Wadogo zangu, marahaba, hata ambao hamjanisalimia.

Hii sio chai. Ningekuwa natunga, ningejipamba kidogo.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeoa karibuni, upande wa Kwamsisi. Zamani tuliishi mbalimbali, kila mtu na shamba lake. Tulipohamishwa tukapangwa kwa mistari, mama mkwe akawa jirani yangu.

Sasa kwetu Wazigua, mwanaume hali mbele ya mama mkwe. Hata njiani mkikutana unachepuka. Chekeni tu vijana, ndivyo tulivyolelewa.

Balaa lilikuwa shamba la kijiji. Mchana tulikula pamoja, na aliyechaguliwa kupika ni yeye. Wenzangu wakinawa, mimi nasema nimeshiba, najifanya naenda kunoa jembe.

Na mwaka ule mvua iligoma. Chakula cha maana kilikuwa hicho cha mchana, jioni nyumbani ni uji mwepesi.

Nikakonda hadi suruali nafunga kwa kamba ya katani. Wengine wakasema TB, wengine nimerogwa. Mke wangu akanipeleka hospitali Korogwe. Makohozi safi, picha ya kifua safi.

Akaja nesi mmoja wa makamo. Akanipima uzito na urefu, akanizungushia tepu mkononi juu ya kiwiko. Akanibonyeza miguu, shimo likabaki.

"Ndugu, jana ulikula nini? Anzia asubuhi."

Nikadanganya. Ugali, kunde, mchicha.

"Na juzi?"

Nikarudia yale yale. Akamtazama mke wangu, naye akainama.

"Huna TB. Una utapiamlo."

Wodi nzima ikasikia. Mimi nilijua huo ni ugonjwa wa watoto. Nilivuta shuka usoni, natamani ingekuwa TB kweli. Mke wangu ndiye aliyemweleza nesi ukweli.

Siku chache baadaye mama mkwe akaja. Hakuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha, kanipa mgongo, akasema na binti yake ili mimi nisikie:

"Muulize mumeo nimemkosea nini. Kila siku fungu lake linabaki kwenye sufuria, watu wanaona. Wanasema mkwe wangu anaogopa nitamroga."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Mimi nadhani namheshimu, kumbe namtangaza mchawi kijiji kizima.

Akapitisha bakuli la uji wa karanga dirishani, mkono kwa nyuma, bila kugeuka. Kisha akakaa chini pale pale nje.

"Mwambie ale taratibu, nesi kasema. Mimi nasikiliza kijiko."

Nilikula huku nalia, nagonga kijiko kwenye bakuli makusudi ili asikie.

Nilichojifunza: mtu mzima akikonda, kabla ya kutafuta mchawi muulizeni anakula nini. Muulizeni na aliye naye, maana mwenyewe ataficha. Njaa ya mtu mzima ina aibu kuliko ya mtoto.

Nimeshamzika mama yule. Hatukuwahi kula uso kwa uso, ila tangu siku ile nilikula alichopika.

Kwenu wakwe mnakulaje? Semeni, leo nina ngozi ngumu.