Karatasi Kwenye Mlango wa Jokofu

Fundi wa majokofu, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi, alikuwa ametunga hadithi ya jokofu linalohifadhi siku ya jana. Ukifungua mlango, unaikuta jana imo ndani, haijaharibika. Usicheke. Wa kwanza kucheka alikuwa dada yake, na kicheko chake kilimkata maini Baridi kuliko cha watu baki.

Dada huyo alikuwa mpiga chapa mstaafu, na alikuwa na ugonjwa mmoja: sentensi asiyoiamini haipigi chapa. Akifika pasipomwingia akilini huondoa mikono kwenye mashine na kuikunja kifuani, basi tena. Zamani wakubwa zake ofisini walirekebisha barua zao kwa kuitazama mikono hiyo tu. Baridi hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia chapa; dada akigoma, hadithi ingefia daftarini.

Mara ya kwanza mikono ilikunjwa ukurasa wa pili, kwenye maelezo ya mawimbi ya sumaku na chembe zinazorudi nyuma.

"Hizi chembe umeziona wapi?"

"Sijaziona, dada. Ni sayansi."

"Wewe mwenyewe hujaziona, mimi niziamini vipi? Umejaza maneno makubwa kama mtu anayemdanganya askari."

Baridi akaondoka amenuna. Siku ya tatu, akiwa amepiga magoti mbele ya jokofu la mteja, alibana kipande cha karatasi mlangoni akakivuta, kama alivyofanya maisha yake yote. Karatasi ikichomoka kirahisi, ujue mpira wa mlango umechoka na ubaridi unavuja. Hii ilichomoka kirahisi. Mkono wake ukabaki hewani. Kama ubaridi unavuja, kwa nini jana nayo isivuje? Akakaa chini sakafuni, mteja akadhani ameshikwa na kizunguzungu.

Akafuta mawimbi yote. Safari hii aliandika habari za fundi anayekagua jokofu kuukuu la marehemu mama yake. Mpira umechoka. Fundi anabana karatasi safi mlangoni, anaivuta, nayo inatoka na alama ya unga mbichi: kidole gumba chenye kovu la kisu katikati.

Dada alipofika hapo aliondoa mikono kwenye mashine. Baridi akafumba macho. Alipoyafumbua, mikono haikuwa kifuani. Ilikuwa imeufunika uso.

"Kovu la mama," dada alisema.

"Ndiyo, dada."

Dada alichana ukingo wa karatasi, akaenda jikoni, kwenye jokofu lile lile walilorithi kwa mama yao. Baridi akamfuata. Dada akabana karatasi mlangoni, akaivuta taratibu kwa vidole viwili. Haikutoka. Akavuta tena.

Baridi alisisimka mwili mzima. Mwanamke aliyewagomea wakurugenzi alikuwa amesimama hapo anamngoja mama yao, kwa sababu ya uongo alioutunga yeye kwa kalamu ya wino. Akaogopa, akafurahi, akataka kumkumbatia.

"Dada, huo mpira ni mzima," alisema kwa upole. "Niliubadilisha mwenyewe mwezi uliopita."

Dada hakuiachia karatasi.

"Na nani alikutuma uubadilishe?"