Mstari Mweupe Mguuni

Tangu wamzike mumewe, Mulama, mwezi wa tatu, Triza Khalayi alikuwa hamuulizi mtu kitu. Haya, wateja aliwauliza, maana ni fundi wa nguo, cherehani yake iko chini ya ghorofa wanamoishi huko Pipeline, na fundi asiyeuliza atakata kitambaa cha watu ovyo. Lakini nyumbani, kwa binti yake Mitchelle wa miaka kumi na mmoja, hakukuwa na swali. Hakuuliza shule ilikuwaje, umekula nini, nani amekuliza. Alipika, alifua, Jumamosi alimsuka nywele. Ukimwona kwa mbali ungesema hakuna kilichoharibika.

Na hakulia. Hilo ndilo watu wa Butere, kwao mumewe, walilolishika wakalitafuna. Siku ya mazishi wanawake walipiga nduru mpaka sauti zikakauka, naye kasimama na mkoba kwapani kama anayengoja ofisi ifunguliwe. Shangazi mmoja wa marehemu alisema, tena si kwa kunong'ona, "Huyu kweli alimpenda Mulama?" Triza alisikia vizuri sana. Halikumuuma. Alishangaa kidogo kwamba halikumuuma, kisha hata kushangaa kukamwishia. Miezi tisa sasa.

Basi ilikuwa Jumapili moja ya Desemba, jua kali, ghorofa ya sita mabati ya paa yanalia kwa joto. Triza alikuwa kwenye kigoda akichambua maharagwe. Mitchelle alikuwa ametoka kanisani na rafiki yake Awiti wa ghorofa ya tatu, na tangu hapo hajaonekana. Saa kumi ndipo mlango ukafunguka. Mtoto kaingia na nywele zinachuruzika mpaka kola ya gauni imelowa, na miguu imepauka hadi magotini, nyeupe pe, utadhani kapita kwenye gunia la unga.

"Nimerudi," alisema.

"Chakula kiko kwa sufuria."

Hakwenda kwenye sufuria. Alikaa chini sakafuni, mbele kabisa ya mama yake, akanyoosha ile miguu.

Sasa, ili uielewe hiyo miguu, lazima nikwambie habari za Triza mwenyewe. Yeye alikulia upande wa Makadara, katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, baba yake mfanyakazi wa reli. Nyuma ya ukumbi wa mtaa kulikuwa na bwawa la kuogelea, na likizo ya Desemba ilipofika, hakuna mtoto wa maana aliyebaki nyumbani. Kostyumu nani alikuwa nayo? Watu waliingia na chupi za shule. Mlinzi wa bwawa, Mzee Kinyanjui, alikuwa na filimbi, na akikuona midomo inatetemeka anakupigia utoke. Unatoka, unalala kifudifudi kwenye saruji ya moto na wenzako kumi, mnanuka dawa ya maji, joto linaingia tumboni polepole mpaka unasinzia. Raha gani ile! Triza hajawahi kulala kitanda kikampa usingizi kama ule.

Shida ilikuwa nyumbani. Mama yake, Rispa, ambaye Mitchelle humwita Kukhu, alikuwa amekataza bwawa. Na akina mama wa mtaa ule hawakuhitaji shahidi. Ukiingia tu unaitwa: "Leta mguu." Anakukwaruza kwa ukucha, mara moja, toka gotini kushuka. Ngozi iliyotoka majini haina mafuta, mstari mweupe unajichora wenyewe. Kesi imekwisha, kandambili inavuliwa.

Watoto nao si wajinga. Siku moja Triza na kaka yake Luseno walibeba mafuta ya kupikia kwenye karatasi ya nailoni, wakajipaka baada ya kuogelea, wakajipaka kwelikweli, mpaka nyuma ya masikio. Halafu wakapita uwanjani wenzao wanacheza mpira, vumbi linapaa. Walifika nyumbani wamepakwa vumbi mwili mzima kama samaki walioviringishwa kwenye unga wakingoja karai. Rispa alicheka mpaka akaketi chini. Alipomaliza kucheka, akawachapa vilevile.

Kisa hicho Mulama alikipenda kuliko taarifa ya habari. Hakuna mgeni aliyekunywa chai kwao bila kusikia, "Mama Mitchelle, waambie ya mafuta." Mitchelle alikuwa akikijua neno kwa neno, pamoja na mahali pa kucheka. Tangu mwezi wa tatu hakijasimuliwa.

Basi Triza akaitazama miguu ya binti yake, akawaza tu kwamba huyu mtoto ni mzembe. Chupa ya mafuta iko pale juu ya kabati. Angeshindwa nini kubeba kidogo, au kupitia kwa Awiti akajipaka? Kisha akarudi kwenye maharagwe. Akatoa moja bovu, akatoa jingine.

Mitchelle akaushika mkono wa mama yake. Akauchomoa kwenye ungo, akakunjua kidole cha shahada, akaukandamiza ukucha kwenye goti lake mwenyewe na kuuvuta kushuka chini. Mstari ukatokea, mrefu, mweupe.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi nichape."

Triza akamtazama.

"Kukhu alikuchapa. Mama Awiti atamchapa Awiti leo, na hata hakuingia kwa maji. Wewe huniulizi kitu." Sauti ya mtoto ilikuwa inapanda. "Wiki iliyopita nilirudi usiku umeingia, hukuniuliza. Nilitupa daftari ya hesabu, hukuniuliza. Mama, nichape basi!"

Hapo ndipo Triza alipojua kwamba mafuta hayakusahauliwa. Mtoto alikuwa amekuja kukamatwa. Ameketi hapo na ushahidi wake wote, anaomba kesi. Triza akaitafuta hasira ndani yake. Alitafuta kwa nia njema kabisa, wallahi, maana aliona mtoto anaihitaji. Hakuipata. Akajua pia, kwa ubaridi tu, kwamba huyu mtoto alizika baba na mama siku moja, na wa pili ndiye anayempikia.

Akaona amwulize basi, ampe hilo swali angalau.

"Ulikuwa wapi?"

"Kuogelea."

"Bwawa gani?"

Mitchelle akainama. Ndipo pua ya Triza ikagundua kitu ambacho macho hayakuona. Mtoto hakunuka dawa ya maji. Alinuka tope.

"Mitchelle. Bwawa gani?"

"Si bwawa. Ni kwa kwari."

Kila mzazi wa upande ule anaijua kwari. Ni shimo walilochimba mawe ya kujengea wakaondoka zao, mvua ikalijaza, na hakuna aliyewahi kupima kina chake. Halina mlinzi wala filimbi.

"Na nani?"

"Awiti alikataa kuingia. Alikaa juu."

"Uliingia mpaka wapi?"

Mtoto akaweka mkono kifuani. Akaupandisha shingoni. Akauacha hapo.

"Halafu?"

"Halafu nikakosa chini. Miguu ilitafuta chini, haikupata. Nilishika jiwe."

 Ungo ukamwanguka Triza, maharagwe yakatawanyika hadi chini ya kitanda. Akainuka, na sauti iliyomtoka hakujua ilikuwa imekaa wapi.

"Jiwe! Jiwe, Mitchelle? Na lingeng'oka? Baba yako ameenda, na wewe unataka kuniachia nani? Niambie! Unataka kuniachia nani?"

Milango ikafunguka koridoni. Mama Syombua, jirani, akaja mbio na mwiko mkononi. "Mama Mitchelle, kuna nini?" Triza hakumsikia. Alikuwa amemshika mtoto mabegani, anamtikisa, anapiga kelele ile ile, na machozi yanamwagika mpaka kidevuni. Kisha akaanza kuita, Mulama, Mulama wee, kama wanavyomwita marehemu kwao mazishini.

Mitchelle naye alikuwa analia kwa woga, maana hakuwahi kumwona mama yake hivyo. Lakini Mama Syombua alipojaribu kumvuta pembeni, alikataa. Alishika gauni la mama yake kwa mikono miwili, akasema, "Mwache, mwache, ananiuliza."