Kisima Kilichopelekwa Marekani

Kule Zigong, mji wetu wa visima vya chumvi, Zhuo Peilan alijulikana kama mwanamke wa daftari. Kila baada ya saa mbili alipanda ngazi za Kisima cha Hongfu, akasoma joto la maji ya chumvi, akasoma mgandamizo wake, akaandika. Miaka kumi na minne kazi ndiyo hiyo. Ungemwona ungesema kichwani mwake mna tarakimu tupu. Lakini chini ya daftari hapakukosa jarida la hadithi za sayansi za kubuni, limepita mikono mingi mpaka jalada limeota ndevu. Akishamaliza tarakimu zake, Peilan huingia humo, akaenda zake kwenye nyota.

Mwaka 1983, umri wake thelathini na minane, naye akaandika yake. Hakuandika nyota, aliandika kisima. Wachimbaji wa Zigong wanashuka kupita kina chote kinachojulikana, na siku moja patasi inapogonga mwamba, chini nako kunagongwa. Mara tatu, kwa utaratibu, kama mgeni mwenye adabu. Wa kwanza kusikia ni mchimbaji mzee, aliyeikamata kamba iliyoning'iniza patasi kwa ngumi na kuiuma kwa meno, maana mwamba huzungumza na mfupa kabla ya kuzungumza na sikio.

Mzee huyo hakubuniwa. Ni Fundi Luo, miaka sabini na moja, aliyemfundisha Peilan kazi. Mitambo ilipoingia hakuna aliyemuuliza tena kamba inasemaje. Kusoma hakujua. Peilan alipomwambia amemtia kwenye hadithi, mzee aliacha kukohoa.

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako, Fundi."

"Na kisima chetu?"

"Na kisima chetu, hapa hapa Zigong."

"Basi ichapwe upesi, binti. Mimi sina haraka ya kufa, ila haya mapafu ndiyo yana haraka."

Peilan akaahidi, na ahadi ile ikamnyima raha vuli nzima.

Jarida lilijibu mwezi wa Septemba kwamba hadithi imependwa, ila kuna mambo mawili. La kwanza, kiwanda chake kigonge muhuri kuwa hakina pingamizi, kama ilivyokuwa desturi kwa kila mwandishi. La pili, tarakimu zote ziwe za kweli, kwa sababu magazetini wasomi walikuwa wanazishambulia hadithi za namna hii, wanasema zinawalisha vijana sayansi ya uongo. Joto la kina hicho, waliuliza, umelitoa wapi?

Peilan akacheka peke yake. Hilo tu? Nani anajua joto la kisima kumshinda yeye? Akafungua daftari la kituo, akanakili kina, joto na mgandamizo, mpaka nukta ya mwisho. Kisha hadithi hiyo hiyo, na tarakimu zake, akaipeleka ofisini ipigwe muhuri.

Katibu Gan, mshika muhuri wa kiwanda, alimwita siku ya tatu.

"Keti, Ndugu Zhuo. Nimeisoma mara mbili. Mke wangu naye kaisoma, sasa jirani akigonga ukuta yeye anaitikia."

"Asante, Katibu."

"Usishukuru bado. Hii tarakimu ya ukurasa wa tatu ni ya nini?"

"Kina cha kisima chetu."

"Na hii?"

"Joto lake. Jarida linataka ukweli."

Katibu akavua miwani. "Jarida linataka ukweli, kiwanda kinataka siri. Takwimu za kisima ni mali ya taifa, dada. Nikigonga muhuri hapa, kesho nikiulizwa nani katoa siri, nijibu nini? Kwamba kuna wageni wanabisha hodi chini ya ardhi?"

"Basi niandike za uongo."

"Andika za uongo, jarida liseme unapotosha vijana. Na mwaka huu si mwaka wa kusemwa hivyo." Akaangalia mlango, akashusha sauti. "Peilan, mimi nilipelekwa kuchunga nguruwe miaka sita, adhabu ya barua niliyoandika. Kurasa mbili tu. Nguruwe hawana neno na mtu, lakini sirudi huko."

Halafu Katibu akang'aa uso, kama aliyeona njia ya mkato.

"Kipeleke Marekani! Huko wana visima, na takwimu zao ziko kwenye vitabu vya maktaba. Siri zao si juu yangu kuzilinda."

"Na Fundi Luo?"

"Mpe jina la kwao. Johnson. Wako tele."

Peilan alikaa na kalamu siku tatu. Akafuta Zigong. Akafuta nyama ya ng'ombe ya pilipili waliyokula wachimbaji, akawapa mkate. Kila alipoandika Johnson mkono ulikuwa mzito, lakini alijipa moyo: bora hadithi itoke imevaa nguo za kuazima kuliko kubaki ndani uchi. Luo hakumwambia. Alijiambia atamwambia ikishatoka. Muhuri ukagongwa.

Toleo la Desemba likafika. Mchana, kwenye ukumbi wa chakula, watu hawakumwacha ale.

"Soma, Dada Peilan! Usitubanie!"

"Keshakuwa mkubwa huyo, hasomi mpaka aletewe chai!" alidakia Xiang Meifen, mshona magunia, na kicheko kikapita meza zote. Fundi Luo aliletwa kwa kushikwa mkono, akakalishwa karibu na jiko, kofia mpya kichwani. Katibu Gan alikuwa meza ya pili na nakala yake mwenyewe.

Peilan akasoma. Uwanda wa Marekani, upepo, mnara wa chuma. Johnson akaikamata kamba, akaiuma kwa meno.

"Huyo nani?" akauliza Luo.

"Ni… mchimbaji wa huko, Fundi."

"Na yeye anauma kamba?"

"Ndiyo."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na hapo ndipo Peilan alipotamani ardhi immeze. "Kumbe na wao wanajua," alisema Luo. "Miaka hamsini nimedhani ni sisi tu." Kisha, kwa upole: "Mimi nakuja wapi, binti? Mbele?"

Ukumbi ulimsubiri Peilan. Akafungua ukurasa, akautazama, akaanza kusoma maneno ambayo hayakuwamo.

"Katika mji wa Zigong," alisoma, "kwenye Kisima cha Hongfu, alikuwapo mchimbaji aitwaye Luo."

"Mbona hapa imeandikwa…" alianza Meifen, aliyekuwa anachungulia begani kwa Katibu, akapigwa kiwiko. Peilan akaendelea, kila neno kama lilivyokuwa mwanzo, kwani aliijua kwa moyo. Akafika kwenye kina. Angeweza kukiruka. Akakitaja: mita elfu moja mia mbili na kumi na saba.

Kidole cha Katibu Gan kilichokuwa kinafuata mistari kikasimama.

"Ndugu Zhuo. Kina hicho hakimo kwenye karatasi."

"Macho yangu, Katibu. Moshi wa jiko."

Katibu alilikunja jarida, akaliweka mfukoni, akaondoka na bakuli lake limejaa.

Jumatatu iliyofuata Peilan alinyang'anywa daftari, akapelekwa kushona magunia ya chumvi. Hata leo wako wanaosema Katibu alimwadhibu, na wako wanaosema alimficha asije akapata makubwa zaidi. Mwenyewe Gan hakusema. Jarida nalo lilimwandikia kuwa kwa sasa halipokei hadithi.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Mchana ule mlango ulipofungwa nyuma ya Katibu, hakuna aliyeinua vijiti vyake vya kulia. Luo peke yake ndiye aliyesogeza kigoda karibu, kofia kaivua, kaishika magotini.

"Mwache aende," alisema. "Nisomee tena hapo penye jina."

Peilan akasoma tena. Jicho lake moja lilikuwa mlangoni.